Mzee katolewa uvimbe utumbo mpana, kuna kipimo cha kujua kama utasambaa?

Kijana_wa_Uru

Wakuu habari za usiku, naomba niende moja kwa moja maana kichwa kimejaa. Mzee wangu ana miaka 61, yuko nyumbani Uru, mwezi uliopita kafanyiwa operesheni hapo Moshi, kakatwa utumbo mpana upande wa kulia. Ilianza na damu kupungua, kila akienda anaongezewa vidonge vya damu, mara waseme minyoo, mara vidonda vya tumbo, mpaka alipofanyiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kamera ndani ya utumbo, ndo uvimbe ukaonekana. Operesheni imeenda salama, anakula, anatembea mpaka mgombani, ila juzi tumepewa ripoti ya kile kinyama na toka hapo silali.

Nawaandikia ya muhimu kama ilivyo: adenokasinoma (yaani saratani), pT3, N0, tezi 9 zimekutwa na zote hazina saratani, kingo safi. CT skani ya kifua na tumbo haikuonyesha kitu. Daktari anasema ni hatua ya pili, kwaiyo kuna kumpa kemo na kuna kumwangalia tu, twende kliniki tuzungumze. Sasa hapo ndo sielewi, ina maana ata yeye hajui?

Baba mdogo yuko Arusha anapeleka wageni mbugani, kuna mgeni wake kamwambia kwao kuna vipimo vya jeni unaambiwa kabisa kama saratani itarudi au hairudi, na eti kuna watu pale mjini wanachukua damu wanaipeleka India. Bei aliyotajiwa imetukalisha kikao cha ukoo, wengine wameshaanza kusema tukate kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, tuuze. Mzee mwenyewe hataki kusikia, anasema bora afe yeye kihamba kibaki.

Swali langu, kweli kuna kipimo cha molekuli kinachotabiri kama itahamia kwenye ini au mapafu? Na kama kipo, kwa hali ya mzee ni kipi cha kufanya, siyo vyote. Mliopitia msiniache. Nawasilisha.

Mla_Mtori

Pole mkuu. Tafuta majani ya mstafeli achemshe anywe asubuhi na jioni, kuna mzee Machame alipona kabisa. Na msali.

Nta_na_Slaidi

Mleta uzi pole sana, na hongera kwa kuleta ripoti yenyewe, wengi wanakuja na "kaambiwa ana kansa" basi. Mimi siyo daktari, nafanya kazi maabara ya patholojia, kazi yangu ni hivyo vinyama na slaidi, kwaiyo haya uende nayo kliniki ukayaulize, usiyageuze cheti.

Kipimo cha kukwambia "itarudi" au "hairudi" hakipo. Hakipo Moshi, hakipo India, hakipo Marekani. Vilivyopo vinasogeza uwezekano juu au chini. Ni kama mawingu juu ya Kibo, yanakwambia uwezekano wa mvua, hayakwambii kama itanyesha shambani kwako. Na daktari wenu kusema kuna njia mbili siyo kwamba hajui kazi, hatua ya pili, yaani uvimbe umepita misuli ya ukuta wa utumbo (ndo hiyo pT3) ila haujaonekana kwenye tezi (ndo hiyo N0), ndo hatua yenye ubishi kuliko zote duniani. Wengi wanapona kwa kisu peke yake, wachache inarudi, na hizi baiomaka, yaani viashiria vya maabara, zote unazozisikia kazi yake ni kujaribu kuwatafuta hao wachache mapema. Ukimpa kila mtu kemo unawatesa wengi bure, usipompa mtu unawaacha hao wachache.

Ila kabla ya jeni, mimi kilichonishtua kwenye ripoti yako ni hiyo 9. Kiwango kinachokubalika ni kupima tezi za limfu zisizopungua 12. Ukipima 9 ukakuta zote safi, hiyo N0 ipo ila haina nguvu sana, inawezekana iliyobeba saratani ni ya 10 au ya 13 ambayo haikupatikana. Tezi zinajificha kwenye mafuta yanayoshika utumbo, unayachana taratibu unapapasa kwa vidole, nyingine ni milimita 2 au 3 tu, ukiwa na haraka au mwanga mbaya zinakupita. Kwaiyo kesho piga simu uliza kama ule utumbo bado upo kwenye ndoo ya fomalini, maabara nyingi hawautupi siku hiyohiyo, unakaa kaa kidogo. Kama upo, mwombe daktari aandike waurudie kutafuta tezi. Hiyo haina uhusiano na India na haiuzi kihamba, na ikipatikana hata tezi moja yenye saratani mzee anahama hatua ya pili anakwenda ya tatu na mjadala wa kemo unaisha hapohapo, anapewa.

Pia usome ripoti vizuri kama wameandika kuhusu saratani kuingia kwenye mishipa ya damu na ya limfu, kuzunguka neva, na je ilikuwa imeziba au imetoboa utumbo. Haya yanaonekana kwa darubini ya kawaida na macho ya mpatholojia, na yanatabiri kusambaa vizuri tu, sema hayana jina la kupendeza la kuuzia.

Sasa molekuli. Kama ningekuwa na hela ya kipimo kimoja tu kwa mzee wako ningefanya MMR. Seli ikijigawa inanakili DNA yake na inakosea kosea, kuna protini za kurekebisha hayo makosa, nne ndo tunazipima: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Uvimbe ukikosa mojawapo, makosa yanajazana, ndo unasikia watu wanasema MSI. Kwa saratani zote za utumbo mpana hizi ni kama asilimia 15, ila ukienda kwa wale ambao imeshasambaa ni kama 4 au 5 tu. Ona hiyo tofauti. Maana yake aina hii inasambaa kwa uchache, kinga ya mwili inaishtukia kwa sababu imejaa protini za ajabu ajabu. Na inapenda upande wa kulia, alipokatwa mzee.

Hapo unapata majibu mawili kwa mpigo. Kwanza, hatua ya pili yenye MMR iliyokosekana ina matokeo mazuri. Pili, kemo ya 5-FU peke yake, au vidonge vyake vya kapesitabini, haimsaidii mtu wa namna hiyo katika hatua ya pili, kwaiyo unamwepusha na mateso. Na ikitokea bahati mbaya ikarudi, hawa ndo wanaoitikia dawa za imunoterapia, zinazoiamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumabu, Marekani waliiruhusu 2017 kwa uvimbe wowote wenye hiyo kasoro bila kujali umeanzia wapi.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya roketi. Kinafanywa kwenye kile kinyama cha operesheni kilichohifadhiwa kwenye nta, tunakata vipande vyembamba sana tunavipaka rangi, kiini cha seli chenye protini kinatoka kahawia, kisicho nayo kinabaki bluu. Na pembeni lazima seli za kawaida ziwe kahawia, zikiwa bluu nazo basi rangi haikushika na jibu ni batili, siyo kwamba mgonjwa hana protini. Uliza KCMC, uliza Muhimbili na Ocean Road, nani anaifanya kwa sasa na bima ya mzee inasemaje.

Halafu CEA, protini ambayo saratani nyingi za utumbo mpana zinaimwaga kwenye damu. Hii ni ya zamani, iligunduliwa Montreal 1965 na Gold na Freedman, ni damu ya kawaida tu na maabara nyingi za mjini wanapima. Walimpima kabla ya operesheni? Unipe hilo jibu.

Mstafeli achaneni nao kwanza. Na chochote anachokunywa mzee daktari akijue, hasa akianza kemo.

Chalii_wa_Sakina

Mkuu wa maabara umeeleza freshi ila naona unamkatisha tamaa mwenzetu. Mazee dunia imeshahama huko, sa hivi kuna kile kipimo cha damu cha kutafuta vipande vya DNA vya saratani vinavyoelea kwenye mshipa, ctDNA, kinaona ugonjwa miezi mingi kabla CT skani haijaona chochote. Waaustralia wamekifanyia utafiti kwa watu wa hatua ya pili hiyohiyo ya mzee na wakakitumia kuamua nani apewe kemo. Sasa kama kipo na hela inaweza kupatikana, unamwambiaje mtu asifanye? Shamba litanunuliwa lingine, baba halinunuliwi. Bro kama ukoo umekubali piga kazi.

Nta_na_Slaidi

Chalii yangu kihamba hakinunuliwi kingine, we uliza Mchaga yeyote. Tuache hilo.

Sikatai ctDNA, ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuja miaka hii, naipenda. Ila tuangalie namba. Hao Waaustralia 2016 walitoa matokeo ya watu 178 wa hatua ya pili ambao hawakupewa kemo. Baada ya operesheni 14 walikutwa na DNA ya saratani kwenye damu, na katika hao 14 saratani ikarudi kwa 11. Hapo ni kweli, ukikutwa nayo ni hatari kweli kweli. Lakini 164 hawakukutwa nayo, na bado 16 kati yao ikarudi. Hao 16 walishapewa jibu zuri. Sasa mleta uzi akiuza kipande cha shamba akaletewa karatasi "hatujaona kitu", ataacha kliniki? Na kama hataacha, karatasi imembadilishia nini?

Utafiti wa pili, ule wa 2022, walikuwa watu 455. Kundi moja madaktari waliamua kwa njia za kawaida, kundi jingine wakaamua kwa ctDNA. Kwa kawaida asilimia 28 walipewa kemo, kwa ctDNA asilimia 15. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ni 93.5 kwa wa ctDNA na 92.4 kwa wale wengine, yaani sawa tu. Kwaiyo faida iliyoonekana pale ni kupunguza watu wanaomeza kemo bure, siyo kwamba waliokoa watu zaidi. Hiyo ni faida kubwa, ila siyo ile anayoifikiria baba mdogo.

Halafu kuna ufundi wake. Kule walichukua damu wiki ya 4 na ya 7 baada ya operesheni, siyo siku yoyote ile, na walianza kwa kusoma jeni za uvimbe wenyewe wakajua watafute nini kwenye damu. Damu ikikaa, seli nyeupe zinapasuka zinamwaga DNA yake na kile kidogo cha saratani kinazama humo. Kwenye chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau una masaa machache tu ya kuitenganisha, kusafiri kunahitaji chupa maalumu. Kaulize hao wa mjini wanatumia chupa gani, inakaa wapi mpaka ndege iondoke, na je wanaomba kinyama cha uvimbe au wanachukua damu tu. Wakikujibu "tunachukua damu tu tunapima jeni zote", uliza tena ni jeni za saratani au jeni za kurithi, maana hivyo ni vipimo viwili tofauti kabisa na nimeshaona watu wanauziwa kimoja kwa sifa za kingine.

Mama_Noela

Mwanangu wa Uru pole na kuuguza. Mimi mume wangu alianza ikiwa imeshafika kwenye ini, kwaiyo yetu ilikuwa tofauti, lakini nikuambie kitu kimoja ambacho kilituumiza. Kuna hospitali sitaitaja, tuliambiwa kuna dawa ya sindano inaitwa setuksimabu itamsaidia, tukachanga, shemeji zangu wakauza ng'ombe, kanisani wakatupa bahasha, tukaanza. Alitoka vipele uso mzima akawa hataki watu wamwone. Baadaye tulipohamia kwingine ndo daktari mmoja kijana akauliza, mama, RAS mlipima? RAS ndo nini sasa. Wakaenda kuchukua kile kinyama cha zamani wakapima, jibu likaja ana mutesheni ya KRAS, na mtu mwenye hiyo ile dawa haimfanyii kazi kabisa. Hela na vipele vyote vile bure.

Kwaiyo usiogope kuuliza kipimo kabla ya dawa. Uliza hata mara mbili. Mzee mpe shikamoo yangu.

Nta_na_Slaidi

Mama pole sana, na hilo ulilosema liandikwe kwa herufi kubwa. RAS ni familia ya jeni zinazoiamuru seli ijigawe, KRAS na NRAS zimo humo. KRAS iliyobadilika iko kwa karibu watu 40 katika kila 100, siyo kitu adimu, na kabla ya setuksimabu au panitumumabu lazima KRAS na NRAS zijulikane. Kuna jeni ya BRAF pia, badiliko lake linaitwa V600E, ni chini ya watu 10 katika 100, na kwa ambaye imeshasambaa ni dalili mbaya, inakwenda kasi.

Ila kwa mzee wa Uru leo hizo hazibadilishi maamuzi. Hajasambaa. Kinyama chake kwenye nta kinakaa miaka, siku zikihitajika zipo palepale. Isipokuwa sehemu moja: MMR ikirudi MLH1 haipo, hapo BRAF inafuata, nitaeleza ikifika.

Tafiti_Tengeru

Naingilia kidogo, mimi nasoma masters huku upande wa Tengeru na nilikuwa naandika proposo juu ya hizi baiomaka za kusambaa, kwaiyo nimezisoma mpaka zinaniota. Ukweli ni kwamba ziko nyingi mno. Kuna MACC1, Wajerumani wa Berlin waliitangaza 2009, ni jeni ambayo ikifanya kazi kwa nguvu kwenye uvimbe wa mwanzo unakuta mgonjwa ana hatari kubwa ya kusambaa baadaye, na wameonyesha mpaka njia yake, inawasha jeni ya MET ambayo inaipa seli uwezo wa kutembea na kuvamia. Biolojia yake tamu kweli. Kuna yale makundi manne ya CMS ya 2015, yanayogawa saratani ya utumbo mpana kwa jinsi jeni zake zinavyofanya kazi, la nne ambalo ni kama asilimia 23 ndo baya zaidi, seli zake zimepoteza tabia ya kukaa pamoja na zimezungukwa na nyuzi nyuzi. Kuna Imunoskoa ya Wafaransa, yenyewe haiangalii saratani, inahesabu askari wa kinga, CD3 na CD8, katikati ya uvimbe na kwenye ukingo wake, wakiwa wengi hatari ya kurudi inapungua. Mi hii ndo naikubali kuliko zote kwa sababu inahesabu kitu kinachoonekana.

Lakini ukiniuliza ipi umpime baba yako kesho, nitakujibu kama mkuu wa maabara. Kila mwezi inatoka karatasi mpya ya "kiashiria kipya cha kusambaa", watafiti wamechukua sampuli walizonazo friji, wamekuta tofauti, wamechapisha, basi, mwingine akirudia kwa wagonjwa wengine tofauti inayeyuka. Na nyingi zimefanywa kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia, sisi humo ni wachache sana. Kwaiyo hata namba zenyewe tunaziazima.

Swali la kiulevi kwa mkuu wa maabara, kwa nini ini kwanza? Supavaiza kaniuliza nikajikanyaga.

Nta_na_Slaidi

Damu ya utumbo mpana karibu yote inapita kwenye mshipa mmoja mkubwa kwenda ini kabla ya kurudi kwenye moyo, kwaiyo seli iliyochomoka kituo chake cha kwanza ni ini. Sehemu ya chini kabisa ya puru ina mishipa inayokwepa ini, ndo maana za huko chini unaweza kuzikuta kwenye mapafu ini likiwa safi. Siyo kila kitu ni mabomba, seli nayo lazima iweze kuishi huko ilikofika, ila mwambie supavaiza uanze na hilo.

Kijana_wa_Uru

Wakuu sijui niseme nini, mbarikiwe. Leo nimeshinda kwenye simu. Majibu ni haya, utumbo bado upo kwenye ndoo, daktari kakubali ataandika waurudie kutafuta tezi na hakukasirika, nilikuwa naogopa ataona namfundisha kazi. CEA walipima kabla ya operesheni, ilikuwa 7.8, baada ya operesheni haijapimwa. MMR kasema ni wazo zuri ila kinyama itabidi kitoke kiende kwingine. Mishipa ya damu kwenye ripoti haijatajwa kabisa, si ndiyo si hapana.

Kuna kingine sikukisema. Shangazi, dada yake mzee, alifariki na saratani ya kizazi akiwa na miaka 46. Na bibi tulisikia tu alikuwa na "tumbo", hakupimwa mtu enzi hizo. Mi nina miaka 33 tuko watoto watano. Je hii inatuhusu?

Nta_na_Slaidi

Daktari wako ni mtu mzuri, mshike huyohuyo.

CEA 7.8 iko juu kidogo, mpaka wa kawaida ni 5. Mzee anavuta sigara? Sigara inaipandisha, na ini likiwa na shida pia inapanda, kwaiyo peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni mwendo wake. Uvimbe umetoka, basi ilitakiwa ishuke, na baada ya mwezi na kitu inatakiwa iwe imetulia chini. Mpimeni sasa, na iwe maabara hiyohiyo iliyopima mwanzo, ukihama hama mashine namba hazilingani unajikuta unakimbia presha bure. Ikishuka mna kipimo cha bei rahisi cha kumfuatilia, kila miezi mitatu mpaka sita kwa miaka miwili ya kwanza, baadaye kila miezi sita mpaka itimie mitano, pamoja na CT skani na kolonoskopi ya kurudia ikifika mwaka. Miaka hiyo ya mwanzo ndo ya kumbana, nyingi zinazorudi zinarudi humo. Isiposhuka, au ikishuka ikaanza kupanda tena, anatafutwa mapema. Kuna uvimbe mwingine hautoi CEA kabisa, ila wa mzee unatoa, hiyo kwenu ni bahati.

La shangazi ndo limenifanya nikae vizuri. Ilikuwa mlango wa kizazi au mji wa mimba wenyewe? Huku kwetu ukisikia kizazi mara nyingi ni mlango, na huo unasababishwa na kirusi cha HPV, hauhusiani na haya. Lakini ikiwa ni ukuta wa ndani wa mji wa mimba, kwa umri wa 46, na kaka yake utumbo mpana upande wa kulia, hapo kuna kitu cha kurithi kinaitwa Lynch, na ni kasoro kwenye mojawapo ya jeni zinazotengeneza zile protini nne nilizozitaja juu. Tafuteni karatasi za shangazi, mume wake au watoto wanaweza kuwa nazo kwenye lile bahasha la hospitali.

Kwaiyo MMR ya mzee inageuka kipimo cha ukoo mzima. Ikiwa protini zote zipo, Lynch inakuwa haielekei na mnapumua. Ikikosekana MSH2 au MSH6, hapo kurithi kunashukiwa moja kwa moja. Ikikosekana MLH1 ndo inakuja ile BRAF niliyoahidi: ikiwa na V600E karibu kila mara siyo ya kurithi, ni jeni imezimwa uzeeni kwenye uvimbe wenyewe tu. Isipokuwa nayo, mnaendelea kutafuta. Na ikithibitika Lynch, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuwa nayo, na mwenye nayo anaanza kolonoskopi kijana, 20 mpaka 25 kwa zile MLH1 na MSH2, anarudia kila mwaka mmoja au miwili. Sisemi mkimbie leo. Nasema kama kuna kikao cha ukoo, kikao kiwe cha hilo.

Kuhusu kutoa kinyama: barua ya daktari, unasaini kwenye daftari lao, omba bloku yenye uvimbe mwingi na iwe na utumbo wa kawaida pembeni kama ipo. Ni kijiplastiki kidogo chenye nta juu, namba imeandikwa ubavuni, linganisha hiyo namba na ya kwenye ripoti ukiwa bado dirishani. Usiweke kwenye dashibodi ya gari juani, nta inalainika. Na kule unakoipeleka waambie ripoti itaje protini zote nne kwa majina, nimeona ripoti imeandikwa "MMR kawaida" basi, hiyo haimsaidii mtu.

Chalii_wa_Sakina

Mkuu nimenyoosha mikono kwenye shamba 😂. Ila moja la mwisho, kuna hii ya aspirini inazuia isirudi, ni kweli au ni mstafeli mwingine?

Nta_na_Slaidi

Hii siyo mstafeli. Utafiti wa nchi za Skandinavia uliotoka 2025, walichukua waliokwisha operesheni ambao uvimbe wao una mabadiliko kwenye jeni ya PIK3CA au ndugu zake wa njia hiyohiyo, wakawapa aspirini miligramu 160 kila siku kwa miaka mitatu. Kwa wale wa PIK3CA yenyewe ilirudi kwa asilimia 7.7, waliopewa kidonge hewa kisicho na dawa 14.1. Na wenye hayo mabadiliko walikuwa zaidi ya theluthi ya waliopimwa, siyo wachache. Hiki ndo aina ya kipimo ninachokipenda, unapima, na jibu likija kuna dawa ya bei ya soda duka la dawa.

Ila unaanza na kupima, na mleta uzi mzee wako alikuwa anapungukiwa damu na mlishawahi kuambiwa vidonda vya tumbo, aspirini inatoboa. Asimeze kwa sababu kaona uzi. Mwandikie daktari kwenye karatasi moja: tezi, CEA, MMR, na chini kabisa PIK3CA kwa alama ya kuuliza.